Swichi Iliyokatazwa Kuuliza

Miaka tisa! Mtoto anazaliwa, anatambaa, anaenda shule, anaanza kuwajibu wazazi vibaya, na wewe bado unatia saini mkataba wa miezi mitatu mitatu. Ndivyo alivyoishi huyu ninayemsema, fundi wa mtandao katika ofisi moja kubwa ya kukagua mizani za wafanyabiashara. Jengo lenyewe ni la ghorofa nne, vioo vitupu upande wa barabarani, na upande wa nyuma ukuta uliosahau rangi. Walimwita Waya. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa ndani ya jalada, jalada lilikuwa kwa Afisa Utumishi, na Afisa Utumishi kila akiulizwa alisema jalada linashughulikiwa.

Waya hakuwa mtu wa makuu. Mrefu, mwembamba, koleo mfuko wa nyuma, shati la mikono mirefu hata jua likiwaka vipi. Ufundi aliuanzia kwenye redio za majirani, na nyingine alizirudisha zikiwa nzima. Ofisini walimpa chumba chini ya ngazi, na humo ndimo ilimokaa swichi, yaani lile boksi la chuma lenye vitundu safu kwa safu, ambalo kila kompyuta ya jengo zima imelichomekea waya wake. Kila waya Waya alikuwa ameufunga kikaratasi na kuuandika kwa mkono wake: huu wa masijala, huu wa kaunta, huu wa saa ya mlangoni. Ukimwamsha usingizini ukamtajia meza, atakutajia kitundu.

Nyumbani aliishi na mkewe na mama yake mzazi, na mama ndiye aliyemkosesha raha. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alisema ni upasuaji mdogo, asubuhi unaingia, jioni uko kwako. Kadi ya matibabu ya ofisi ingeulipia wote, maana inawahudumia hata wazazi wa wafanyakazi. Ila wa kudumu tu. Kwa mujibu wa kanuni za ofisi ile, mtu wa mkataba hana mzazi.

"Leo umevaa shati la bluu?" mama alimuuliza asubuhi moja.

"La kijani, mama."

"Basi na jicho la kushoto limeniaga. Mwambie huyo bosi wako afanye haraka, nataka nikuone kabla hujazeeka ukawa mbaya."

Waya alicheka, akaiacha chai nusu kikombe.

Sasa huyo bosi. Mkurugenzi alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa, na si kosa, nani hapendi? Ila yeye alijitengenezea utaratibu. Kila Jumatatu saa nne kamili alikaa mbele ya kamera ofisini kwake ghorofa ya nne, akawahutubia wafanyakazi wote kupitia kompyuta zao. Chochote alichokisema humo kilikuwa agizo. Hakuna barua, hakuna kikao: Mkurugenzi anasema, Afisa Utumishi anasikia, anaandika, na mchana limetekelezwa. Wala hotuba hazikuhifadhiwa. Alikataza mwenyewe, tangu siku mtu alipomkumbusha ahadi yake ya mwaka juzi kwa kumchezea sauti yake.

Taabu ni kwamba Mkurugenzi akifungua mdomo, ofisi nzima inakwama. Kwa kuwa swichi haikuwa imeelezwa nani anataka hotuba na nani haitaki, iliirusha kila kitundu bila kuchagua. Hotuba ilikwenda kwenye kompyuta, ikaenda kwenye printa, ikaenda kwenye saa ya mlangoni, ikaenda hata kwenye mizani ya kielektroniki ya maabara, ambayo Mungu shahidi haikuwa na haja ya kuhutubiwa. Mtandao ulijaa mpaka faili moja likawa halifunguki. Wafanyakazi hawakulalamika hata kidogo. Jumatatu saa nne walisukuma viti nyuma, wakanyoosha miguu, wakapiga soga zao mpaka saa tano. Waliolalamika ni wateja kaunta, na siku mmoja wao alipopanda ngazi mwenyewe mpaka ghorofa ya nne na mizani yake begani, Mkurugenzi akamwita Waya.

"Fundi, hili jambo litengeneze. Ukilitengeneza, ajira yako ya kudumu nitaitangaza mwenyewe, kwa kinywa changu, kwenye hotuba. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mheshimiwa."

Alishuka zile ngazi mbili mbili kama kijana. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lake lilikuwa limeumwa vya kutosha.

Kazi yenyewe ilimchukua siku nne na ilikuwa nzuri, mwacheni mtu asifiwe kwa alichokijua. Aliunda kundi la hotuba. Mtu akifungua dirisha la hotuba kwenye kompyuta yake, kompyuta inaipa swichi taarifa kwamba nami nimo, na swichi inamwandika. Hotuba inatoka kwa Mkurugenzi mara moja tu, na swichi inawagawia waliomo peke yao. Printa haipati, saa ya mlangoni haipati. Na kwa vile watu huondoka bila kuaga, kila baada ya dakika mbili swichi inauliza: bado mnaitaka? Kompyuta zinajibu zenyewe kimyakimya, mwenyewe hata hajui. Isiyojibu inaondolewa kwenye orodha.

Jumatatu ikafika. Mkurugenzi alihutubu saa nzima na mtandao haukutikisika. Kaunta wateja walihudumiwa mpaka wenyewe wakashangaa. Waya alisimama chini ya ngazi akiziangalia taa za swichi zikikonyeza kwa adabu, akasema moyoni, mama, fungasha.

Kumbe! Mtandao ule mpya ulikuwa na ukurasa wa hesabu, na Katibu Muhtasi wa Mkurugenzi, mama mmoja ambaye hajapata kuona karatasi asiichape, aliuchapa ule ukurasa akauweka mezani kwa bosi. Ofisi ina meza mia moja arobaini na tatu. Waliokuwa wakisikiliza hotuba ni tisa. Na katika hao tisa, mmoja alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, anayejiangalia.

Ikaundwa kamati. Watu watano, vikao vitatu. Ungedhani wataulizana kwa nini watu mia moja thelathini na nne hawamtaki Mkurugenzi. Thubutu! Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hakuna aliyetaka kuhesabu miguu. Waliuita mtandao wenyewe kikaoni, wakamwita na Waya, na Mwenyekiti wa kamati akaenda moja kwa moja kwenye kosa.

"Hii mashine inauliza, siyo?"

"Inauliza, mzee. Kila dakika mbili."

"Inauliza kama wafanyakazi bado wanamtaka Mkurugenzi."

"Kama bado wanaitaka hotuba, mzee."

"Ni yale yale. Nani ameipa mamlaka hiyo? Mimi nina miaka ishirini na sita hapa sijawahi kuuliza swali hilo, na mimi ni mtu. Hili ni boksi."

Wenzake wakatikisa vichwa. Kweli, boksi limekosa adabu.

Waya akajaribu. Alisema swichi isipouliza haina njia ya kujua nani bado yumo, na ikikaa dakika nne na sekunde ishirini bila kusikia jibu, itadhani wote wameondoka, itafunga. Alieleza polepole, hadi akachora kwenye karatasi. Mwenyekiti alimsikiliza kwa huruma.

"Fundi, wewe ni mtaalamu wa waya. Sisi ni wataalamu wa utaratibu."

Likatoka agizo lenye mhuri. Kwanza, kila mfanyakazi lazima afungue dirisha la hotuba saa nne kamili, na orodha itachapwa. Pili, swichi ikome kuuliza. Kwenye kumbukumbu za kikao waliandika kwamba Fundi alitoa maoni. Waya akashuka chini ya ngazi, akafuta ule mstari mmoja wa swali, akarudi kukaa. Mwenye nguvu mpishe.

Jumatatu iliyofuata, saa nne, madirisha mia moja arobaini na tatu yalifunguliwa. Katibu Muhtasi akachapa orodha dakika ya kwanza, imejaa pomoni, akaipeleka. Mkurugenzi akaanza na habari za viti, kwamba viti vya ofisi vinaegemewa vibaya. Ilipogonga dakika ya nne na sekunde ishirini, swichi ikaona kimya, ikafunga, na kwenye kila meza ya jengo lile Mkurugenzi akaganda mdomo wazi, kidole juu.

Kila mtu alidhani ni kompyuta yake. Wakachungulia za jirani. Wakaangaliana. Halafu, bila mtu kusema neno, wakarudi kwenye kazi zao, na wengine kwenye soga zao, huku bosi amewanyooshea kidole kutoka kwenye skrini kwa amani kabisa. Juu ghorofa ya nne Mkurugenzi aliendelea kuhutubu dakika hamsini nyingine, akiitazama kamera na si skrini yake, maana orodha iliyojaa ilimtosha, na nyuma ya kamera alikuwepo Waya tu, aliyepewa kuiendesha kuanzia siku ile.

Jumatatu ile na ya baada yake, akitoka, walimpokea kwa makofi koridoni. Hotuba siku hizi ina uzito, mheshimiwa! Haichoshi! Walimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka akang'aa. Mchana wa ile ya pili Waya alitaka kusema, nasema kweli, alipanda tena mpaka mlango wa ghorofa ya nne. Katibu Muhtasi akamshika mkono.

"Una habari mbaya?"

"Ni kuhusu mtandao, mama."

"Amefurahi, Fundi. Toka nimeanza kazi na huyu bwana hajafurahi wiki mbili mfululizo. Rudi chini."

Akarudi. Alijiambia anaogopa kuiharibu ajira yake, na ilikuwa kweli, lakini ukweli mwingine ni kwamba kimya kile kilimfaa na yeye pia. Wote walikuwa wameridhika, kwa nini awe yeye wa kuwaamsha?

Basi wiki ya tatu Mkurugenzi alitimiza ahadi. Alianza na viti tena, akaenda kwenye vikombe, akarudi kwenye viti, na dakika ya thelathini na moja akatabasamu kuelekea nyuma ya kamera.

"Na huyu Fundi wetu, aliyetuletea utulivu huu, kuanzia leo ni mfanyakazi wa kudumu. Afisa Utumishi, tekeleza."

 Waya aliona hospitali, akamwona mama yake amefunguliwa bandeji, anamtazama, anamwambia kumbe umeshakuwa mbaya. Kisha jicho lake likaangukia saa ya ukutani. Dakika ya thelathini na moja.  Katika jengo lote lile, habari ile ilikuwa na wasikilizaji wawili: aliyeisema na yeye.

Alishuka ghorofa ya pili kwa Afisa Utumishi, mama mnene mpole aliyevaa miwani juu ya paji la uso kwa sababu hakuna alichotaka kukiona karibu.

"Mama, nimekuja kwa lile agizo la Mkurugenzi."

"Agizo lipi?"

"La leo. Kwenye hotuba. Amenitaja."

"Mwanangu, mimi hotuba nimeisikia yote, toka mwanzo mpaka mwisho. Amezungumzia viti."

"Ulisikia alipozungumzia vikombe?"

Afisa akaishusha miwani, akamtazama, akaipandisha tena. "Nimesikia yote," akasema.

Aliwauliza masijala, akauliza kaunta, akamuuliza Mwenyekiti wa kamati. Wote walikuwa wamesikia hotuba yote na hakuna aliyemsikia akitajwa. Ukiwaambia mlikatikiwa, unamwambia kila mmoja kwamba ni mwongo, na ukiulizwa aliyekata ni nani, ni wewe, kwa mkono wako, chini ya ngazi. Alijifunga mwenyewe mikono na miguu halafu akameza ufunguo.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alikutana naye koridoni. "Fundi, barua umepata?"

Hapo ndipo pa kusema. Waya akafungua mdomo, akamwona Afisa Utumishi amesimama nyuma ya bosi na jalada kifuani.

"Wanaishughulikia, mheshimiwa."

"Vizuri. Maana mimi huwa sirudii neno. Kurudia ni kukiri kwamba hukusikilizwa."

Mkataba wake ulipoisha, Afisa Utumishi alimsogezea karatasi ile ile ya miezi mitatu. Waya akatia saini. Alikuwa ameshafika mlangoni mama yule alipomwita kwa sauti ya chini.

"Fundi. Ile hotuba iache hivyo hivyo ilivyo. Watu wameizoea."

Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza! Waya alishika kitasa akashindwa kukizungusha. Watu wanakuona unazama na wanakuomba usichafue maji.  Alikwenda nyumbani, akamkuta mama yake anapapasa meza akitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake.

"Wamekupa?"

"Ametangaza, mama."

"Alhamdu... Nani kasikia?"

"Mimi."

Mama alikipata kikombe. "Mwanangu, mimi ni kipofu, wao je wana nini?"

Asubuhi ya Jumatatu, kabla ya saa nne, Waya aliingia chini ya ngazi akaurudisha ule mstari wa swali. Haukumchukua hata dakika. Alikuwa anavunja agizo lenye mhuri na alilijua hilo. Kisha akapanda kwenda kushika kamera.

Dakika ya nne ikapita, ya tano, ya sita. Chini huko, nilivyosimuliwa na watu wa masijala, palikuwa na kilio. Mkurugenzi hakuganda! Aliendelea! Mtu akifunga dirisha, swichi inauliza, haipati jibu, inamfuta, na nani ajuaye Katibu Muhtasi atachapa tena orodha saa ngapi. Walikaa. Dakika ya ishirini Mwenyekiti wa kamati alinyanyua simu amshitaki Fundi, akaishika sikioni, akafikiri, akairudisha taratibu. Angesema nini? Kwamba anamsikia Mkurugenzi?

Dakika ya thelathini na nane Mkurugenzi akaingia kwenye utendaji. Hapa, akasema, neno likitoka halilali. Mfano mnao, ni Fundi wetu. Nililoagiza juu yake lilitekelezwa siku ile ile. Akainua macho juu ya kamera.

"Au siyo, Fundi?"

Maikrofoni ilikuwa wazi.  Hata Waya aliisikia sauti yake mwenyewe kwa mshangao.

"Bado, mheshimiwa."

"Bado? Afisa Utumishi hakusikia?"

"Anasema alisikia hotuba yote, mheshimiwa. Toka mwanzo mpaka mwisho."

Mkurugenzi alinyamaza. Tangu hotuba zianze hakuwahi kunyamaza, na ule ukimya ulikwenda meza zote mia moja arobaini na tatu, hakuna uliyemkosa. Kisha akaitazama kamera, akasema polepole kwamba yeye harudii neno, na kwamba Afisa Utumishi ana mpaka saa sita kamili kulitekeleza alilolisikia.

Waya alipofika ghorofa ya pili, mama yule alikuwa akimsubiri mlangoni. Miwani ilikuwa puani, karatasi nyeupe yenye nembo ya ofisi mkononi, kalamu imeshafunguliwa. Alichungulia koridoni kulia na kushoto, akamvuta ndani kwa mkono wa shati, akafunga mlango.

"Fundi, baba yangu," alinong'ona, "hebu nikumbushe kidogo tu. Aliagiza nini?"

Waya akavuta kiti, akakaa, akaegemea vizuri.

"Andika, mama," akasema. "Anza na jina la mama yangu."